Nauli ya Siku ya Kwanza Usiiache Kwenye Simu

Ukipanda matatu pale Longonot kwenda Naivasha, huna haja ya kupapasa mfuko ukitafuta noti. Makanga anakutajia nambari, unatuma, anaangalia ujumbe kwenye simu yake, safari inaendelea. Tumezoea hivyo hadi wengi wetu hutoka nyumbani bila hata shilingi 50. Kwa safari ya Naivasha, Nakuru au Nairobi, hakuna ubaya. Shida huanza tabia hiyo inapovuka mpaka wa Namanga pamoja na sisi.

Maoni yetu ni haya, na huenda yakakushangaza yakitoka kwa kampuni ya malipo ya simu: ukienda jiji kubwa la nchi nyingine, nauli ya siku ya kwanza iwe pesa taslimu. Ziwe noti za nchi hiyo, ziwe ndogondogo, na uwe nazo kabla hujashuka kwenye basi.

Chukua mfano wa Dar es Salaam, ambako Wakenya wengi huenda kwa biashara ya Kariakoo, kwa harusi, au kumsalimia ndugu. Basi la kutoka Nairobi hupita Namanga, Arusha na Moshi, na ukifika umechoka. Huenda ukashushwa Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, iliyofunguliwa 2021 kando ya barabara ya Morogoro. Lakini Mbezi si tao. Kutoka hapo hadi Kariakoo au Posta bado kuna safari nyingine, na pengine ni usiku, mtandao unasumbua, na chaji imebaki kidogo.

Sasa unaona kibao cha M-Pesa, moyo unatulia. Ngoja kwanza. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania 2008, na jina ni lilelile. Lakini ya Kenya iko chini ya Safaricom, inahesabu shilingi za Kenya na inasimamiwa na Benki Kuu ya Kenya. Ya Tanzania iko chini ya Vodacom, inahesabu shilingi za Tanzania na inasimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania. Nambari ya wakala wa Mbezi si nambari ya mfumo wa Kenya. Ukiiweka kwenye laini yako ya nyumbani, inaweza kukataliwa, au ikawa ni nambari ya wakala mwingine kabisa aliye Kenya. Ndiyo maana tunasema kila siku: soma jina kabla ya kuweka PIN. Kama si la mtu aliye mbele yako, ghairi.

Usidhani pia kwamba utamwachia dereva noti ya Kenya mambo yaishe. Tangu 2025, kanuni za Tanzania zinakataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Anayekubali noti yako usiku stendi anajua huna njia nyingine, na atakupangia kiwango anachotaka yeye.

Tunajua utatujibu kwamba pesa taslimu huibiwa, na simu ina PIN. Ni kweli, na ndiyo sababu hatukwambii ubebe pesa zote za safari. Tunazungumzia siku moja tu: usafiri hadi unapolala, chakula, maji, na laini ya simu. Shilingi ya Kenya imekuwa ikicheza karibu na shilingi 20 za Tanzania, kwa hiyo Ksh 2,000 ni kama Tsh 40,000. Badilisha kwenye duka la kubadilisha fedha lenye leseni, si kwa mtu anayekukimbilia dirishani mwa basi. Omba chenji ndogo, kisha gawa pesa hizo mifuko miwili. Na usitishwe na sifuri nyingi: noti kubwa kabisa ya Tanzania ni ya 10,000, na hiyo ni kama Ksh 500 tu.

Kisha ujue jiji lenyewe linavyolipwa. Daladala ni matatu zao, na konda anataka chenji mkononi. Nauli yake hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa hiyo hakuna kubembelezana. Mwendokasi, mabasi yenye barabara yao yaliyoanza 2016, unalipia kituoni kabla ya kupanda, na yanakufikisha Kariakoo na Kivukoni. Bajaji, ambayo sisi huita tuktuk, na bodaboda ni za kupatana bei kabla hujakaa, si baada ya kufika. Ukisema "steji" watakuelewa, lakini ukisema "kituo" utajibiwa haraka zaidi.

Kila jiji lina tabia yake, na huwezi kuikisia ukiwa Longonot. London ni kinyume kabisa cha Dar: mabasi yake yaliacha kupokea pesa taslimu 2014, na mtu mwenye noti bila kadi anabaki kituoni. Dubai, ambako vijana wetu wengi wanaenda kazi, unahitaji kadi ya Nol kupanda metro. Kwa hiyo "nina pesa za kutosha?" ni nusu tu ya swali. Nusu nyingine ni kama una pesa ya aina ambayo jiji hilo inapokea.

Simu yako itaanza kazi kesho yake, kukiwa na mwanga na umelala vizuri. Nunua laini kwenye duka la kampuni ya simu, usajiliwe kwa pasipoti na alama za vidole. Kutuma pesa kutoka M-Pesa ya Kenya kwenda ile ya Tanzania kumewezekana tangu 2015, kwa hiyo unaweza kujitumia mwenyewe, kidogo kidogo. Kabla ya kuthibitisha, angalia ni shilingi ngapi za Tanzania zitakazoingia, maana ada ni jambo moja na kiwango cha kubadilisha ni jingine. Laini ya Kenya usiitupe, jumbe zako za benki zinakuja huko. Na msamaria mwema akikwambia, "lete simu nikusaidie," mshukuru, simu ibaki mkononi mwako.

Sisi tunaofanya biashara hii tunapaswa kusema wazi huduma inaishia wapi, hata kama kusema hivyo hakupendezi kwenye tangazo. Mteja aliyekwama Mbezi saa sita usiku hasaidiwi na salio analoliona tu kwenye kioo.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, mpigie mwenyeji wako umuulize swali moja: kutoka ninaposhuka hadi mlangoni kwako nitapanda nini, na huyo wa kunibeba anapokea nini?