Unaenda kwa Nani?

Nilipomwambia mama kwamba mwezi wa tisa nataka kuendesha gari mpaka Ufaransa, hakuuliza bei. Hakuuliza hata kama kigari changu kitafika. Aliuliza swali moja tu: "Unaenda kwa nani?"

Nikamwambia siendi kwa mtu.

"Kuna harusi?"

Hakuna harusi.

"Msiba?"

Hapana mama, hakuna msiba. Naenda kuendesha tu.

Akaweka kikombe chini. "Yaani utoke hapa Reading, upite chini ya bahari, ukaendeshe gari, halafu urudi."

Ndiyo. Hivyo hivyo.

Nyinyi mnaosikiliza kipindi chetu mnalijua swali hili. Kwenye nyumba zetu gari linatoka kwa sababu. Linaenda uwanja wa ndege kupokea mgeni, Leicester kwenye nikaha, London kwenye hitima, au linapeleka maboksi kwa mtu wa kontena kabla halijafungwa. Nimejaribu kukumbuka utoto wangu wote, sioni siku hata moja tuliyopanda gari bila ya mtu wa kutupokea upande wa pili na sahani ya pilau.

Sasa sikilizeni, mimi sisemi wazazi wetu wamekosea. Ila nasema tumerithi nusu ya jambo. Tumerithi safari, hatukurithi kupunga upepo.

Maana kupunga upepo ni kitu cha kwetu kabisa. Jioni Tanga watu wanateremka Raskazone, wanakaa, wanatazama maji, wanarudi nyumbani. Hakuna anayewauliza mmeenda kwa nani. Walipofika huku, upepo ukawa wa baridi, kazi zikawa za shifti, na kila lita ya petroli ikahesabiwa. Jambo likakatika. Siku hizi kijana akitaka kutoka bila ya sababu anaambiwa anazurura. Mimi nasema gari nalo linaweza kupunga upepo, na ninataka kulifanya hivyo na baba yangu kabla muda haujaisha.

Baba ana miaka 69. Uingereza, leseni inaisha ukifika 70, na kuanzia hapo unaiomba upya kila miaka mitatu. Si kazi kubwa, lakini yeye ameshasema hataiomba. Anasema taa za magari usiku zinamchoma macho, na kwamba amechoka na usukani. Ana haki ya kuchoka. Ameendesha basi la mjini miaka 22, njia ile ile, vituo vile vile. Aliingia nchi hii mwaka 1994, mwaka ule ule lilipofunguliwa handaki la chini ya bahari la kwenda Ufaransa, na mpaka leo hajalipita.

Kabla ya hapo, ujana wake, alikuwa utingo. Lori lao lilikuwa linapanda kutoka Mombo kwenda Lushoto kuchukua kabichi na karoti. Wanaoijua barabara ile wanajua kona zake: ukuta wa mlima huku, bonde kule, na lori linalokuja mbele yako halionekani mpaka mmekutana. Kazi yake ilikuwa kuchungulia na kumwambia dereva "twende" au "ngoja". Hadithi zake zote za barabara ile ni za dereva mwingine. Yeye mwenyewe hakuwahi kupewa usukani kule juu. Halafu akaja kuendesha miaka 22 kwenye tambarare, kituo hadi kituo.

Ndiyo maana nilipoanza kupanga sikutafuta mji, nilitafuta kona.

Na hapa nina ugomvi kidogo na wenzangu wa rika langu. Tukipanga safari ya Ulaya tunapanga kama tunajaza kadi ya mahudhurio: nchi tano, siku tano, picha moja kwa kila bendera. Ukifanya hivyo umeendesha barabara kuu tu, na barabara kuu ni ile ile kila mahali, lori mbele, lori nyuma. Kila mpaka nao una masharti yake. Uswisi wanataka ununue stika ya barabara kuu ya mwaka mzima, faranga 40, hata kama unapita saa moja. Ujerumani kuna miji huingii katikati bila stika ya moshi. Mwisho unakuwa karani wa stika. Ushauri wangu: chagua barabara moja unayotaka kuiendesha, halafu safari yote iitumikie hiyo.

Yangu inaitwa Route des Crêtes. Iko mashariki mwa Ufaransa, juu ya milima ya Vosges, karibu kilomita 80 za migongo ya milima. Inapita Col de la Schlucht na kufika karibu na kilele cha Grand Ballon, mita 1,424, mlima mrefu kuliko yote ya Vosges. Haikujengwa kwa starehe. Jeshi la Ufaransa liliifungua wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ili lipitishe askari na mizigo nyuma ya mgongo wa mlima, Wajerumani wa upande wa pili wasiwaone. Ukielekea kusini unapita Hartmannswillerkopf, ambako maelfu walikufa wakigombea kilima kimoja. Leo watu wanapanda na baiskeli na pikipiki, wanakula jibini, wanatazama mabonde. Sehemu yake inafungwa wakati wa theluji, ndiyo maana nimechagua mwezi wa tisa, na katikati ya wiki, pikipiki zikiwa chache.

Mpango ni siku tano. Siku ya kwanza, kutoka Reading hadi Folkestone, tunaingiza gari kwenye treni, dakika 35 tuko upande wa Calais, halafu kilomita kama 270 hadi Reims, tunalala. Siku ya pili tunapita Nancy, tunalala Gérardmer, mji wenye ziwa chini ya milima. Siku ya tatu ni ya barabara yenyewe, kutwa nzima, hakuna kingine. Siku ya nne na ya tano ni za kurudi taratibu. Kilomita 80 zinaweza kuisha kwa saa mbili ukitaka. Sisi tumezipa siku nzima, na hapo ndipo mama aliposhindwa kabisa kunielewa.

Sasa mambo ya vitendo, maana najua mtaniuliza. Leseni ya kadi ya Uingereza inatosha. Chukua kitabu cha gari, karatasi ya bima, na piga simu kwa watu wa bima uulize wanakufunika vipi nje, kwa sababu bima kubwa ya hapa mara nyingine ikivuka inakuwa ndogo. Mimi ilibidi nimwongeze baba kama dereva wa pili. Nyuma ya gari bandika alama ya UK. Ile ya zamani ya GB haikubaliki tangu Septemba 28, 2021. Ufaransa wanataka vesti ya kung'aa iliyo ndani ya gari, si kwenye buti, na pembetatu ya tahadhari. Taa zako zibandikwe vibandiko vya kugeuza mwanga, usije ukawachoma macho wanaokuja. Barabara kuu ni kilomita 130 kwa saa, mvua ikinyesha 110, na barabara nyingi za vijijini ni 80. Tochi zipo. Kwenye njia panda isiyo na alama yoyote, anayetoka kulia kwako ndiye anayepita kwanza, hata kama anatoka kichochoroni. Petroli nunua kwenye vituo vya supamaketi, barabara kuu wanakamua.

Chakula: sambusa za nyama za mama haziendi. Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, huruhusiwi kuvusha nyama wala vitu vya maziwa kwenye gari lako. Kwa hiyo ni chapati, maharage na chai ya rangi.

Halafu kuna upande. Sisi tunakaa kulia na tunaendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Wale wa Kongo, Burundi na Rwanda mtatucheka, kwenu kulia ni kawaida. Binamu yangu wa Muscat ndiyo kabisa, alinitumia sauti ya dakika mbili ya kicheko. Baba anachofurahia ni kwamba kule kipilefti unakizunguka kulia, na anataka kujua kama bado kitaitwa kipilefti.

Lakini mnaona inavyokuwa. Ukiendesha gari la usukani wa kulia Ufaransa, ukitaka kulipita lori huoni kitu. Anayeona ni aliyekaa kushoto. Mashine nyingi za kulipia barabara nazo ziko kushoto, anayenyoosha mkono na kadi ni abiria. Yaani gari letu likivuka tu, linahitaji utingo. Barabara kuu nitaendesha mimi, baba atakuwa macho yangu. Tukifika juu, mchana, bila taa za mtu, tunabadilishana. Yeye anashika usukani kwenye kona, na anayechungulia na kusema "ngoja" ni mimi.

Lipo la pasipoti, na hili sitaki kulipitia juu juu, maana blogu nyingi za safari zimeandikwa na watu ambao halijawahi kuwagusa. Mimi na baba tunazo za Uingereza, kwa safari kama hii hatuhitaji visa. Mama alibaki na ya Tanzania, kwa sababu Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na yeye hakuwa tayari kuiacha. Amekaa huku karibu miaka 30, lakini kwenda Calais anahitaji visa ya Schengen: euro 90, alama za vidole, karatasi za benki, na barua ya kueleza sababu ya safari.

Akanitazama juu ya miwani. "Nijaze fomu kuomba ruhusa ya kupunga upepo?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Nilikaa naye Jumapili tukaijaza. Kama familia yenu ina pasipoti mchanganyiko, anzeni na pasipoti, ramani baadaye. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Tiketi ya treni nunueni ile inayobadilishika, hata kama ni ghali zaidi. Mimi nimeamua: visa ya mama ikikataliwa, Ufaransa haipo mwaka huu. Tutaenda Wales wote watatu, tukapande A4069 juu ya Black Mountain, kona zipo na kondoo ndio wenye barabara.

Na hilo nawaambia nyinyi pia, hasa wale mtakaosema pesa hizo ungetuma nyumbani. Nimeshaambiwa na rafiki yangu, tena kwa upole, na hesabu yake si ya uongo. Ada ya binamu yangu Tanga ninalipa mimi na sijaigusa. Safari hii nimeiwekea miezi minane, kwenye mabaki. Kama kwako hakuna mabaki, usikope kwa ajili ya mlima wa Ufaransa. Jaza tangi nusu, mchukue mzee wako, tafuta barabara yenye kona saa moja kutoka kwenu. Ninachokataa ni ile fikra kwamba wazazi wetu wanastahili kutoka nje pale tu mtu anapooa au anapokufa.

Juzi nilimwonyesha baba barabara yenyewe kwenye simu. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaikuza kwa vidole viwili, kona baada ya kona, kama anaitafuta nyumba ya mtu.

"Hizi kona," akasema, "zina kingo?"

Nyingine zina, nikamwambia.

"Lushoto hazikuwa nazo." Akanirudishia simu. "Na wewe usiniambie 'twende' kabla hujaona vizuri."

Mama ana miadi ya visa Jumanne, saa nne asubuhi. Mtuombee dua.