HABARI ZETU ZISIPITE KILA NJIA



Zamani habari za mfanya kazi zilikaa katika faili moja, faili ikakaa katika kabati, na ufunguo wa kabati ulikuwa kwa karani. Aliyetaka kuisoma ilimpasa ampitie karani kwanza. Leo sivyo. Alama za vidole tunazoweka tukiingia kazini, cheti cha daktari, majina ya wake zetu na watoto wetu, mshahara na mikopo tunayokatwa, yote yamo ndani ya kompyuta, tena katika programu mbalimbali. Na programu hizo zimeunganishwa. Moja ikipata habari yaweza kuipeleka kwa nyingine usiku, bila mtu yeyote kushika kalamu.

Sisi hatupingi mitambo. Watu wa reli twajua faida ya kuunganisha njia. Lakini twajua pia ya kwamba njia zilizounganishwa pasipo pointi na signali huleta msiba. Kwa hiyo twasema hivi: mwajiri anayeunganisha programu zenye habari zetu hana budi kuweka sheria ya kuzuia habari zisivuje, na sisi tuoneshwe sheria hiyo.

Tutoe mfano wa mtambo unaotumika katika maofisi mengi, uitwao Microsoft Power Platform. Ndani yake kila programu ya nje hufikiwa kwa kiungo chake. Msimamizi wa kompyuta huvigawa viungo hivyo katika makundi matatu: la kazi, lisilo la kazi, na lililozuiwa. Kiungo cha kundi la kazi hakiwezi kupeana habari na kiungo cha kundi lisilo la kazi ndani ya programu moja. Kilichozuiwa hakitumiki kabisa. Na kama sheria mbili zahusu mahali pamoja, iliyo kali ndiyo inayoshinda.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tunapoweza kudanganywa. Msimamizi asipobadili kitu, viungo vyote huanzia katika kundi moja, lile lisilo la kazi, na kila kiungo kipya kinachokuja baadaye huingia humo humo. Vilivyo katika kundi moja vyaruhusiwa kupeana habari. Basi mwajiri aweza kutuambia kwa kinywa kipana, "Sheria tunayo," na kumbe cheti cha daktari na barua za nje vimo katika zizi moja. Jina la sheria halitoshi. Tuulize nini kimewekwa wapi.

Mwaka 2021 kampuni ya UpGuard ilitangaza ya kwamba rekodi milioni 38 zilikuwa wazi katika intaneti, katika kurasa zilizotengenezwa kwa Power Apps. Mashirika yaliyohusika yalikuwa 47, na mojawapo ni MTA, shirika linaloendesha treni na mabasi mjini New York. Hakuna kufuli lililovunjwa. Ulinzi wa majedwali ya habari haukuwa umewashwa tangu mwanzo, na wenye kazi hawakuuwasha. Baadaye Microsoft walibadili mpango ili ulinzi uwe tayari umewashwa. Kosa hilo halikuwa la viungo, lakini fundisho ni lile lile: kitu kilichoachwa kama kilivyotoka kiwandani kisidhaniwe kuwa ni salama.

Hapa Kenya tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Inasema habari za mtu zikusanywe kwa sababu iliyotajwa, wala zisitumiwe kwa jambo lisilopatana na sababu hiyo. Habari za afya, alama za vidole na habari za jamaa zahesabiwa kuwa nyeti. Zikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, mwenye kuzitunza yampasa amwarifu Kamishna wa Data katika saa 72. Basi hakuna mwajiri wa kutuambia ya kwamba kompyuta ilifanya yenyewe.

Wako ndugu wanaonung'unika kwamba makatazo haya yatatusumbua, kwa kuwa orodha ya zamu haitapelekwa tena kwa WhatsApp. Twajibu: orodha ya zamu ina njia nyingine. Habari za ugonjwa wa mtu zikishatoka hazirudi. Tena tusiitegemee sheria ya kompyuta kupita kiasi, maana haimzuii mtu kupiga picha ya kioo kwa simu yake. Uaminifu wa watu wahitajika bado.

Kwa hiyo wajumbe wetu wadai mambo manne wakikutana na waajiri. Kwanza, tupewe orodha ya programu zenye habari zetu, na kila moja imo katika kundi gani. Pili, kiungo chochote kipya kianzie katika kundi lililozuiwa mpaka kichunguzwe. Jambo hilo msimamizi aweza kuliweka. Tatu, mpango usibadilishwe kabla ya wajumbe kuambiwa. Nne, makatazo yasigeuzwe fimbo ya kutunyima habari zetu wenyewe, kwani sheria yatupa haki ya kuziona na kudai zisahihishwe.

Na chama chetu nacho kijichunge. Orodha ya wanaokatwa ada ikitoka kwa mikono yetu ikafika kwa mtu anayewachukia wanachama, mfanya kazi ataumia vile vile. Tunalomdai tajiri, na tulitende nyumbani kwetu.

Ndugu, tusingoje mpaka jina la mmoja wetu lisomwe mahali lisipopaswa. Ulizeni sasa, mkiwa pamoja.

UMOJA NI NGUVU.