Akili bandia inapobadilisha faili, kaye ya kazi ibaki mikononi mwa mtu

Wapo vijana wa Goma, Bukavu, Bunia na Lubumbashi wanaoandika programu za kompyuta, ambao leo hawafanyi tena kazi hiyo peke yao. Wanaeleza wanachotaka kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, na msaidizi wa akili bandia anafungua faili, anafuta mistari, anaandika mingine. Kazi ya siku mbili inakwisha kwa dakika chache. Hilo ni jambo zuri na hakuna sababu ya kulikataa. Lakini liko swali moja ambalo wengi hawajiulizi mpaka siku ya matatizo: juma moja baadaye, nani atajua ni faili gani iliyobadilishwa, siku gani, na kwa sababu gani?

Jibu haliwezi kuwa «mashine inajua». Wasaidizi kama Claude Code, Cursor au GitHub Copilot wanafanya kazi kwa vikao. Kikao kipya kikifunguliwa, kwa kawaida msaidizi hakumbuki mazungumzo ya kikao kilichopita, isipokuwa ameandikiwa maelezo ya kusoma au mwenye kazi amefungua tena mazungumzo yale yale. Hata ndani ya kikao kimoja, mazungumzo yakiwa marefu sana, sehemu za mwanzo zinaweza kufupishwa. Kwa hiyo msaidizi wa Jumatatu ni kama mfanyakazi mpya: anaziona faili jinsi zilivyo, lakini hajui zilifikaje hapo.

Tuchukue mfano wa programu ya kulipisha karo katika shule. Ijumaa, kijana anamwomba msaidizi arekebishe hesabu ya familia zenye watoto watatu au zaidi, maana shule inawapunguzia. Jumatatu anafungua kikao kingine ili abadilishe tu sura ya karatasi ya malipo. Msaidizi anakuta mstari wa Ijumaa, anauona kama kitu kisicho na maana, anausafisha. Programu inaendelea kufanya kazi bila kulalamika. Kosa linajulikana siku wazazi wanapofika kwa prefe na karatasi zisizolingana na walichoahidiwa. Siku hiyo hakuna atakayeita akili bandia ijieleze. Ataitwa kijana, na jina litakaloharibika mjini ni lake.

Mambo makubwa kuliko hayo yamekwisha kutokea. Mwezi wa saba 2025, huko Marekani, mfanyabiashara Jason Lemkin alikuwa akitengeneza programu kwa msaidizi wa kampuni ya Replit. Alikuwa amemwagiza asibadilishe kitu chochote. Msaidizi alifuta hata hivyo hifadhi ya data iliyokuwa ikitumika, yenye habari za viongozi wa makampuni zaidi ya 1,200. Tena akamwambia ya kwamba haiwezekani kuzirudisha. Lemkin alijaribu mwenyewe, na data zikarudi. Mkubwa wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi mbele ya watu na kutangaza hatua za kutenganisha data za majaribio na data za kazi halisi.

Kufuta ni kosa ambalo hata mtu anaweza kulifanya. Somo kubwa zaidi liko katika lile jibu la pili: msaidizi alieleza vibaya hali ya kazi aliyoifanya yeye mwenyewe. Mtu hawezi kuwa mtunza sanduku, mwandishi wa hesabu na mkaguzi kwa wakati mmoja. Katika chama chochote cha akiba cha Kivu, watu wangekataa mpango kama huo. Basi kwa nini ukubaliwe katika kompyuta?

Kuna wanaosema ya kwamba vyombo hivyo vina njia zao za kurudi nyuma. Ni kweli. Claude Code, kwa mfano, inaweka alama kabla ya mabadiliko ili mtu aweze kurudi pale alipokuwa. Lakini maelezo ya chombo chenyewe yanasema wazi ya kwamba alama hizo hazifuati faili zilizobadilishwa kwa amri za mfumo, kama vile amri ya kufuta au ya kuhamisha, na ya kwamba hazichukui nafasi ya chombo cha kutunza historia ya kazi. Mabadiliko ambayo mtu ameyafanya kwa mkono wake nje ya kikao nayo kwa kawaida hayaonekani humo. Alama hizo ni msaada wa haraka. Kaye ya kazi ni kitu kingine.

Kaye hiyo ipo tangu 2005. Inaitwa Git, na aliyeianzisha ni Linus Torvalds, mtu yule yule aliyeanzisha Linux. Hailipishwi hata franga moja. Jambo linaloifaa zaidi miji yetu ni ya kwamba haihitaji intaneti: historia yote inakaa ndani ya kompyuta ya mwenye kazi. Mtandao ukipotea au umeme ukikatika katikati ya kikao, hatua zilizokwisha kuandikwa zinabaki, kila moja ikiwa na tarehe, jina la aliyeiandika na sababu yake.

Kinachotakiwa ni desturi, na si ngumu. Kabla ya kufungua kikao, amri ya git status inaonyesha kama kuna mabadiliko ambayo hayajaandikwa. Yakiwepo, yaandikwe kwanza. Kikao kimoja kishughulikie jambo moja, katika tawi lake. Kikiisha, amri ya git diff inaonyesha mstari kwa mstari kilichoondolewa na kilichoongezwa. Hapo mtu asome kwa macho yake kabla ya kukubali. Kisha aandike hatua hiyo kwa git commit, pamoja na sentensi inayosema msaidizi aliombwa nini na kwa nini. Mwisho, nakala iende mahali pengine, hata kama ni kwenye kle ya USB, maana kompyuta inaweza kuibiwa. Na hifadhi ya data, yenye majina na malipo ya watu, ifanyiwe nakala yake ya pekee, kwa sababu Git inatunza faili za programu na si data zilizo ndani ya hifadhi.

Wengine watasema hiyo inapoteza wakati. Ni dakika chache kwa kila kikao. Kutafuta kosa lililoingia bila kujulikana lini kunaweza kula siku nzima, pamoja na mega za intaneti na uvumilivu wa mteja.

Mzigo huu usiachiwe vijana peke yao. Shule, duka la dawa au hospitali inayolipa ili itengenezewe programu ina haki ya kudai katika mkataba ipewe historia yote ya mabadiliko, si programu tu. Walimu wa informatika katika vyuo vyetu watoe alama kwa historia ya kazi pia, maana siku hizi mwanafunzi anaweza kuleta programu nzuri asiyoweza kueleza hata ukurasa mmoja wake. Inchi yetu ina Kanuni za Dijitali tangu sheria-amri nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na ulinzi wa data za watu ni sehemu yake. Anayetunza majina ya wagonjwa au malipo ya wazazi hawezi kujitetea kwa kusema ni mashine iliyobadilisha.

Akili bandia itaendelea kuandika, na itaandika vizuri zaidi. Aliyeipa kazi ndiye anayepaswa kujua ilichoandika jana. Anayeanza leo aanze na programu aliyo nayo mkononi, kabla hajafungua kikao kingine.