Shule za Ufundi Zifungwapo Mpakani

Mwaka wa masomo umefika ukingoni. Kama ilivyo ada ya safu hii, twaziacha kwa juma moja habari za jikoni na za malezi ili tuzungumze na wazazi, walimu na wanafunzi wa shule zile ambazo masomo yake hayakomei kwenye daftari, bali huendelea katika karakana na katika chumba cha kompyuta. Huku kwetu Busia na Tororo shule na vyuo vya namna hiyo si haba. Kuna Chuo cha Ufundi cha Nalwire kule Lumino upande wa Uganda, kuna Bumbe kule Samia upande wa Kenya, na kuna shule nyingi za sekondari ambazo kwa njia moja au nyingine zimejipatia kompyuta zake, chache au nyingi.

Neno la kwanza ni la kalenda, kwa kuwa mpaka huu una kalenda mbili. Shule za Kenya hufunga mapema zaidi, na wanafunzi hurudi darasani mwezi Januari. Shule za Uganda huendelea na muhula wa tatu hadi karibu na mwanzo wa Desemba, na mwaka mpya huanza Februari. Nyumba yenye mtoto mmoja huku na mwingine kule, nazo ni nyingi, hujikuta inanunua sare na kulipa karo mara mbili katika majira mawili tofauti. Mzazi na aandike tarehe za shule zote mbili katika karatasi moja, aitundike ukutani. Wazee wetu hawakuijua adha hii kwa upande wa mitihani, maana zamani Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilitunga karatasi moja kwa nchi zote. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, Kenya ikaunda baraza lake mwaka 1980, na Uganda ikafuata mwaka 1983. Tangu hapo kila Busia ina mtihani wake.

Hata hivyo mitihani hiyo miwili imeanza kufanana katika jambo moja, na jambo hilo ndilo linalonifanya niandike kwa mkazo mwaka huu. Upande wa Uganda, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo walikalia UCE mwaka 2024. Upande wa Kenya, kundi la kwanza la Gredi ya 9 lilifanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa mwaka 2025, na Gredi ya 10 ikaanza Januari 2026. Katika nchi zote mbili, asilimia 20 ya alama za mwanafunzi hutokana na kazi alizofanya akiwa shuleni: majaribio, miradi na vitu alivyounda kwa mikono yake. Kenya huongeza asilimia 20 nyingine kutoka mtihani wa Gredi ya 6. Kwa hiyo alama ya mtoto haingoji tena siku ya mtihani. Imekwisha kuandikwa, nayo imelala mahali fulani, mara nyingi ndani ya kompyuta ya shule. Ikipotea kompyuta kabla alama hazijapelekwa kwenye baraza la mitihani, ni kazi ya watoto iliyopotea, na hakuna mwalimu awezaye kuikumbuka kwa kichwa.

Na kompyuta huweza kupotea kwa urahisi mno katika nchi yetu hii. Msomaji wa mbali huenda asijue kuwa Tororo ni mahali panapotajwa duniani kwa radi. Kati ya miaka 1967 na 1976, ngurumo zilihesabiwa hapa kwa wastani wa siku 251 kila mwaka. Hewa yenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Victoria, hukutana na joto la nchi kavu, na wakazi wa chini ya lile jiwe kubwa la Tororo husikia matokeo yake karibu kila alasiri ya majira ya mvua. Sisi tumeyazoea. Kompyuta hazijayazoea.

Wengi hudhani kwamba radi sharti ipige jengo lenyewe ndipo iharibu. Sivyo. Radi ikipiga nguzo ya umeme au waya mahali pa mbali, msukumo wake husafiri ndani ya waya hadi kwenye tundu la ukutani, na kutoka hapo huingia katika kila kilichochomekwa. Tena kuzima swichi hakutoshi. Nafasi iliyo ndani ya swichi ni ya milimita chache tu, na radi iliyoruka maelfu ya mita angani haizuiwi na milimita chache. Dawa ni kuchomoa plagi kabisa. Na si plagi ya umeme peke yake: waya wa mtandao unaoziunganisha kompyuta, waya wa antena, na waya wa simu kama upo, zote ni njia za radi. Nimeona shule iliyochomoa nyaya za umeme kwa uangalifu mkubwa, ikausahau waya mmoja wa bluu wa mtandao, na kwa waya huo ikapoteza mashine za safu nzima. Kazi hii ifanywe siku ya kufunga shule, mchana, mbingu zikiwa safi. Mtu asikimbilie kuchomoa nyaya wakati ngurumo zimekwisha kuanza, kwa maana hapo anaihatarisha roho yake kwa ajili ya chombo.

Shule zenye kinga ya radi, yaani ile fimbo ya chuma juu ya paa na waya mnene wa shaba uteremkao hadi ardhini, ziikague kabla ya likizo. Waya wa shaba hupendwa sana na wanunuzi wa vyuma chakavu, na fimbo iliyobaki juu bila waya wa kuifikisha chini ni hatari kuliko kutokuwa na kinga. Jambo hili si la vyombo tu. Mwezi Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo, radi iliua wanafunzi 18 pamoja na mwalimu wao, wakiwa ndani ya darasa. Shirika la ACLENet, lenye makao yake Kampala, limekuwa likiziwekea kinga shule za Uganda, na kamati ya shule isiyojua pa kuanzia inaweza kutaka ushauri wake.

Kwa kuwa watoto sasa watakuwa nyumbani na mashambani, wazazi wawakumbushe haya. Chini ya mti si mahali pa kujikinga. Kibanda cha nyasi huzuia mvua, hakizuii radi. Viatu vya mpira havisaidii. Penye usalama ni ndani ya jengo kubwa lenye nyaya au mabomba ukutani, au ndani ya gari lililofunikwa kwa bati pande zote, na mtu akae humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Na aliyepigwa na radi hana umeme uliobaki mwilini. Mshikeni bila hofu, mkandamizeni kifua ikiwa moyo umesimama, mkimbizeni hospitali. Nasema hivi kwa sababu bado wapo wanaosimama kando wakingoja mganga, na dakika zile ndizo zingemwokoa.

Turudi shuleni. Alama na kazi za wanafunzi zinakiliwe mara mbili, nakala moja ikae katika kabati la mwalimu mkuu na ya pili mahali pengine kabisa, si katika jengo lile lile. Flashi ipimwe virusi kabla ya kunakili, maana flashi zetu hupita mikono mingi. Vitu vilivyoundwa na wanafunzi, kama viti, taa, saketi na nguo, vifungwe, viandikwe jina na mwaka, visigeuzwe kuni wala samani za ofisi. Kila kompyuta iandikwe nambari yake katika daftari la mali, na mwalimu pamoja na mlinzi watie sahihi. Mashine zifunikwe kwa kitambaa cha pamba. Mfuko wa nailoni hushika unyevu, na unyevu hula shaba. Miguu ya meza itazamwe kwa ajili ya mchwa, na matundu ya ukutani yazibwe, kwani panya hupenda kutafuna ngozi ya nyaya.

Betri za mionzi ya jua na zile zinazoshikilia kompyuta umeme ukatikapo husahauliwa kila mwaka. Betri ya risasi na asidi ikiachwa tupu kwa miezi miwili, sahani zake hushika ukoko mweupe na haipokei tena chaji ya kutosha. Ijazwe kabla ya kufunga, kisha mtu apewe kazi ya kuijaza tena kila mwezi. Zile zinazoongezwa maji ziongezwe maji yaliyosafishwa kwa mvuke, si ya kisima.

Katika karakana mambo ni ya zamani na yanajulikana, kwa hiyo nitapita haraka. Jiliwa, tupa, misumeno na mashine za kerezo zifutwe vumbi na zipakwe mafuta zisipate kutu. Randa na patasi zihesabiwe. Mitungi ya gesi ya kuchomelea ifungwe barabara, isimame wima na ifungiwe mnyororo. Hapa lakini nitasimama kidogo: kijana mwenye bidii, akiwa na kopo la mafuta mkononi, aweza kupaka kila kitu anachokiona. Mafuta na grisi visiguse kamwe valvu ya mtungi wa oksijeni. Oksijeni ikikutana na mafuta kwa nguvu ya mtungi huwaka na kulipuka.

Sasa nyumbani. Mwanafunzi wa ufundi arudipo, majirani humletea redio, pasi na simu zilizokufa, na mzazi huona fahari. Ni fahari ya haki. Lakini baba na mama wamwekee mpaka: vinavyotumia betri, sawa, televisheni ya zamani yenye kioo kinene, hapana, kwa kuwa ndani yake hubaki umeme mkali hata baada ya kuchomolewa, mita na nyaya za nyumba, hapana kabisa. Afadhali zaidi apelekwe kwa fundi anayejulikana, akae naye wiki tano au sita, na makubaliano yaandikwe: saa za kazi, chakula cha mchana, na kwamba si mtoto wa kutumwa sokoni. Mwalimu atafurahi kupata barua fupi ya fundi huyo muhula ufunguliwapo.

Binti naye ana haki ya saa hizo. Shule ya Wasichana ya Tororo, iliyoanzishwa mwaka 1965 kwa msaada wa Marekani, ilijengwa kwa nia ya kuwafundisha wasichana masomo ya kazi pamoja na masomo ya kawaida, na hilo ni zaidi ya nusu karne iliyopita. Leo bado naona nyumba ambamo kaka hukaa mbele ya kompyuta na dada, asomaye somo lile lile, huchota maji ya wote wawili. Wagawane ndoo.

Kuna jambo la Desemba lililo gumu zaidi. Biashara ya mpakani hupamba moto, na kijana mwenye nguvu hupata fedha za haraka kwa kubeba mizigo kupitia njia za panya au kwa kuendesha pikipiki. Neno bodaboda lenyewe linasimuliwa kuwa lilizaliwa hapa hapa, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka, basi siwezi kuidharau kazi hiyo. Ninachokihofia ni shilingi ya kila jioni. Mwezi wa shule ufikapo, kijana huulinganisha mfuko wake na karo, akaona afadhali kubaki barabarani. Kila mwaka madawati hubaki matupu kwa sababu hiyo, na ya wavulana ni mengi. Mzazi anayemruhusu mwanawe kufanya kazi ya likizo na akubaliane naye mapema tarehe ya kuacha, na sehemu ya fedha iwekwe kwa ajili ya karo mbele ya macho yake mwenyewe. Chini ya umri wa leseni, pikipiki isitajwe.

Wanaotaka kuhamisha mtoto kutoka nchi moja kwenda nyingine wasingoje juma la kufungua. Vyeti vya nje hulinganishwa kwanza na vya ndani, na kwa upande wa Uganda kazi hiyo, kwa ngazi ya sekondari, ni ya UNEB. Kwa upande wa Kenya ulizeni ofisi ya elimu ya kaunti. Chukueni barua ya shule anayotoka, ripoti zote, na cheti cha kuzaliwa. Walio katika vyuo vya ufundi vya Uganda wakumbuke pia kuwa sheria ya mwaka 2025 imeleta bodi mpya ya mitihani, UVTAB, mahali pa UBTEB. Muulizeni msajili wa chuo kabla ya kulipa ada yoyote ya mtihani. Na anayevuka kwa shughuli hizi apite kituoni, akiwa na kitambulisho chake cha taifa, ambacho tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kukitumia mahali pa pasipoti.

Waliouliza juu ya kununua kompyuta iliyokwisha kutumika nitawajibu katika toleo la kwanza la Januari, kwa kuwa jibu lake ni refu na nafasi imekwisha. Juma lijalo twarudi jikoni, na zamu ni ya mihogo mikavu.