Kioo Gani Tununue?



Naomba nafasi katika sehemu yetu ya Kiswahili niseme neno juu ya jambo ambalo limewagawa wanachama wa Klabu ya Sayansi tangu muhula uliopita. Klabu yataka kutengeneza chombo cha kupima kina cha mto Nyamwamba, na fedha iliyochangwa yatosha kununua kioo kimoja kikubwa cha kugusa, chenye rangi zote na wajihi wa simu ya bei ghali, au vioo viwili vitatu vya hali ya chini. Wengi wataka kile kikubwa. Mimi ni mwanafunzi wa zamani, na kazi yangu ni kutengeneza redio na simu hapa Kasese. Nasema wazi kwamba sikubaliani na wengi.

Watu wa Kasese hawahitaji kuelezwa kwa nini mto huu upimwe. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulivunja kingo zake, ukaingia Kilembe na mjini, watu wakafa na nyumba zikachukuliwa. Mwezi wa Mei 2020 ukarudi, na safari hiyo hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya. Huko Bwera nako mto Lhubiriha ukafurika. Kwa hiyo chombo hiki si cha kuwaonyesha wageni siku ya wazazi kisha kifungiwe kabatini. Yafaa kidumu, na yafaa mtu akikitazama aelewe mara moja.

Basi kabla ya kuuliza bei, na tuulize nani atakigusa kioo hicho, na atakigusa kwa sababu gani. Kwa maoni yangu kioo cha kugusa ni chombo cha kuulizia. Mtu hukigusa kwa kuwa ana swali: jana usiku maji yalifika wapi? Wiki hii yamepanda au yameshuka? Hapo kidole kina kazi. Lakini mama apitaye darajani na mzigo wake kichwani hana swali la namna hiyo. Yeye ataka kuona tarakimu moja, na ajue kama ni salama kuvuka. Kumwekea kioo cha kugusa ni kumwekea mlango mahali pasipo na nyumba.

Tena pale darajani kuna jua. Ikweta yapita ndani ya wilaya yetu, na kila aliyesafiri barabara ya Mbarara ameiona alama yake. Vioo hivi vya rangi huonekana kwa sababu ya taa iliyo nyuma yake, na taa hiyo haiwezi kushindana na jua la saa saba mchana. Utaona uso wako tu. Taa hiyo nayo hunywa umeme. Kioo cha inchi 2.8 chaweza kula karibu miliampia 100, na betri ya miliampia-saa 2,500 itakauka kwa muda wa siku moja hivi, hata kabla hujahesabu chakula cha kihisi na redio.

Kwa darajani mimi nachagua kioo ambacho vijana watakicheka: kile cha simu ya Nokia 5110, simu ya mwaka 1998. Hakina rangi, hakigusiki, na nukta zake ni 84 kwa 48 tu. Lakini jua likizidi ndipo kinaposomeka vizuri zaidi, kwa maana hutumia mwanga wa jua lenyewe, na taa yake ikizimwa hakili hata miliampia moja. Picha yake nzima ni baiti 504, ambazo Arduino Uno huzibeba bila taabu. Tarakimu mbili kubwa zajaza kioo chote, nacho ndicho kitu tukitakacho.

Chumba cha sayansi ni habari nyingine. Hapo ndipo maswali yalipo, hapo pana kivuli na umeme, na habari za mtoni zaweza kufika kwa redio ya masafa marefu iitwayo LoRa. Hapo kioo cha kugusa chastahili fedha. Ila kiwe cha namna gani?

Vioo vya kugusa ni vya namna mbili, na tofauti yake wauzaji wengi hawaielezi. Namna ya kwanza ina ngozi mbili nyembamba zenye nafasi ndogo kati yake; ukibonyeza, zagusana, na mikrokontrola hupima umeme ili ijue umebonyeza wapi. Namna ya pili ni gilasi ngumu ambayo husikia umeme wa kidole chenyewe, kama simu zetu za leo. Hii ya pili si ngeni kama watu wadhanivyo: Mwingereza E. A. Johnson aliandika habari zake mwaka 1965, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya rada ya serikali huko Malvern.

Ya pili ni nzuri kwa macho, haikwaruziki upesi, na hutambua vidole viwili kwa pamoja. Lakini ikidondokewa na maji hudanganyika, ikadhani tone ni kidole. Wala haitambui kalamu ya kawaida. Ya kwanza yakubali kidole chenye maji, kidole chenye glavu, kalamu, hata kijiti cha kiberiti. Mwanafunzi atokaye mtoni na matope mikononi ataitumia vilevile. Ubaya wake ni kwamba uso wake ni wa plastiki, hukwaruzika, na siku ya kwanza lazima uifundishe kwa kugusa pembe zake ili ijue mipaka yake. Kazi hiyo ni ya dakika mbili. Kwa klabu ya shule naona ya kubonyeza ndiyo yetu.

Sasa nifike kwenye hesabu, kwa kuwa ndipo vijana wengi wanapopotea. Kioo cha kawaida cha inchi 2.8, chenye kiongozi kiitwacho ILI9341, kina nukta 320 kwa 240, yaani nukta 76,800. Kila nukta ni baiti 2 za rangi; jumla baiti 153,600. Arduino Uno ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 2,048 tu. Ni kama kutaka kumimina gunia la kahawa ndani ya kikombe. Sisemi haiwezekani, kwa kuwa kioo chenyewe kina kumbukumbu yake, na Uno yaweza kukichora kipande kwa kipande. Lakini huchora polepole hata jicho laona kila mstari ukifutwa na kuandikwa upya, na ukishatia programu ya kuchora na ya kugusa, nafasi ya kazi yako yabaki ndogo. ESP32 ina kilobaiti 520 na mwendo mkubwa zaidi. Kwa kioo cha rangi, niachieni Uno.

Kuna kioo kingine kinachovutia sana dukani: kile kinachopachikwa juu ya Uno moja kwa moja bila waya hata mmoja. Mnunuzi hufurahi siku ya kwanza. Siku ya pili ataka kuunganisha kihisi, akuta kioo kimekalia karibu matundu yote. Nimeletewa vioo vya namna hiyo mara nyingi ati vimeharibika, kumbe ni vizima.

Wengine huniuliza kama kioo cha simu iliyokufa chaweza kutumika, kwa kuwa vibanda vya mafundi vimejaa simu hizo. Vioo vya simu za kisasa husema lugha ya kasi ambayo Uno haiijui, wala ESP32 ya kawaida haiijui, na watengenezaji wake hawatoi maelezo kwa watu kama sisi. Ile Nokia ya zamani ni kitu kingine kwa sababu lugha yake ni nyepesi na maelezo yake yajulikana ulimwenguni kote.

Hapana budi niwe mwadilifu kwa wale wanaotaka Nextion. Hicho kina akili yake ndani: unachora kurasa zako kwenye kompyuta, unazipakia, kisha Uno hukipelekea maneno machache tu kwa nyaya mbili. Kwa mwalimu asiye na muda ni msaada mkubwa. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya kioo cha kawaida, programu ya kukichorea yataka kompyuta ya Windows, na mwanafunzi anayekitumia hajifunzi jinsi nukta inavyowashwa. Tangu mtaala mpya uanze mwaka 2020 wanafunzi wa vidato vya chini wadaiwa kufanya miradi kwa mikono yao wenyewe. Mtoto anunuliwe akili ya kioo wakati yake yalala?

Nikipewa fedha hizo mimi, kwa chumba cha sayansi nitanunua ile bodi ya manjano iitwayo ESP32-2432S028R. Ni ESP32, kioo cha inchi 2.8 na ngozi ya kubonyeza, vyote katika bodi moja, bila kulehemu waya. Kasoro yake ni kwamba matundu yaliyobaki huru ni machache. Lakini kwa kuwa kihisi kitakuwa mtoni, ile redio peke yake itapata mahali ikipangwa vizuri.

Juu ya maandishi nina neno moja. Michoro niliyoonyeshwa na klabu imejaa Kiingereza na picha ndogondogo. Andikeni MAJI YANAPANDA, tena kwa herufi kubwa, na kwa Lhukonzo upande wa pili. Kiswahili hakina herufi za ajabu. Kila herufi yake imo katika programu hizi tangu mwanzo. Wala msitegemee nyekundu na kijani peke yake, kwa kuwa wako watu, hasa wanaume, wasiozitenganisha rangi hizo. Na jambo hili wanachama walilisahau kabisa katika mabishano yao: kioo hakimwamshi aliyelala. Mto ukija usiku yahitajika king'ora au kengele. Kwa hiyo fedha itakayookolewa kwenye kioo iende huko.

Wanafunzi wa zamani mlioko Kampala, mkija likizo tuleteeni vitu hivi: bodi moja ya manjano, vioo viwili vya Nokia 5110 (kimoja cha akiba), king'ora kimoja cha volti 12, na vizuizi vya umeme vya kushushia volti 5 za Uno hadi 3.3, kwa maana vioo hivi vyote ni vya 3.3 na volti 5 huviunguza polepole. Kabla ya kulipa, mwambieni mwenye duka awashe kioo mbele yenu, mkiguse pembe zote nne na katikati. Mkifika Kasese viacheni kwa mwalimu wa fizikia, naye atanijulisha nije Jumamosi na chuma changu cha kulehemu.