Maji Chini ya Majabali: Singida Yahitaji Hesabu Kabla ya Mashine ya Kuchimba

Na Mwandishi Wetu, Singida

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,008,058 mkoani Singida, kutoka watu 1,370,637 waliohesabiwa mwaka 2012. Ongezeko hilo la zaidi ya asilimia 46 limekuja katika mkoa wa nusu ukame, wenye msimu mmoja wa mvua, ambao maziwa yake ya Singidani na Kindai yana maji ya chumvi. Ndiyo maana kisima kirefu kimekuwa tegemeo kuu la wananchi, mijini na vijijini.

Hata hivyo, si kila kisima kinachochimbwa hutoa maji. Sehemu kubwa ya Singida imekaa juu ya mwamba mgumu wa matale, ambao wenyewe hauna vinyweleo vya kuhifadhi maji. Maji hukaa katika tabaka la juu la mwamba uliooza kwa miaka mingi, kisha hupita katika nyufa zilizo chini yake. Tabaka hilo ni ghala, na nyufa ni njia. Kisima kilichokosa ufa huweza kuwa kikavu, ilhali kingine kilicho umbali mfupi tu kinatoa maji tele.

Swali zito zaidi ni kiasi gani cha maji hurudi ardhini kila mwaka. Jibu la karibu linapatikana Makutapora, mkoa jirani wa Dodoma, ambako visima vinavyohudumia Makao Makuu ya Nchi vimechimbwa katika mwamba wa aina hiyo. Kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji zilionesha kuwa ghala hilo halijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Kina hushuka kwa miaka kadhaa mfululizo, kisha hupanda ghafla baada ya msimu wa mvua kubwa. Ujazaji mkubwa kuliko wote ulitokea msimu wa El Niño wa 1997/98. Utafiti uliofuata ulibaini kuwa maji mengi huzama kupitia mchanga wa mito ya msimu, ukiwamo Kinyasungwe Mdogo.

Tuchukue mfano. Kijiji cha watu 2,000, kwa kiwango cha Sera ya Maji ya mwaka 2002 cha lita 25 kwa mtu kwa siku, kinahitaji mita za ujazo 18,250 kwa mwaka. Iwapo milimita 10 tu za mvua ndizo zinazozama, kila kilomita moja ya mraba huingiza mita za ujazo 10,000. Kijiji hicho kitahitaji maji ya karibu kilomita mbili za mraba, kabla ya kuhesabu mifugo na bustani za vitunguu.

Hapo ndipo modeli ya maji chini ya ardhi inapohitajika. Ni hesabu inayounganisha mvua, ardhi, nyufa na kiasi kinachovutwa, ili kukadiria maji yatashuka kwa kina gani visima vikiongezeka au mvua zikikosekana. Lakini modeli haizidi ubora wa takwimu zake. Katika mwamba wenye nyufa, makadirio ya kisima kimoja hayawezi kubebeshwa wilaya nzima ya Iramba au Manyoni.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 imeipa Bodi ya Maji Bonde la Kati, yenye makao yake Singida, dhamana ya kutoa vibali vya kutumia maji. Kibali kinachotolewa bila kujua ujazaji ni ahadi isiyo na akiba nyuma yake. RUWASA na mamlaka za maji nazo huhitaji taarifa hizo zinapopanga bajeti.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Taarifa za kila kisima kilichochimbwa, hata kilicho kikavu, zifike kwa Bodi. Visima vya uangalizi visiharibiwe. Na mchanga wa mito ya msimu usichotwe ovyo, kwa kuwa ndio mlango wa maji kuingia ardhini. Azma ya kumtua mama ndoo kichwani haikamiliki siku bomba linapozinduliwa. Hukamilika pale bomba hilo linapoendelea kutoa maji baada ya mvua kukosekana miaka mitatu mfululizo.