Kampuni yenu imelipia laini yake hadi kwenye ‘wingu’? Uliza inapita bahari gani

UNAKUMBUKA Jumapili ya Mei 12, 2024? Video zilikwama, meseji zikajikokota, na pengine ulidhani bando limeisha. Kumbe nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika karibu na Afrika Kusini.

Kwako ilikuwa kero ya wikendi. Kwa kampuni iliyohamishia mifumo yake kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zilizo mbali, ni kazi kusimama. Na kama wewe ndiye kijana wa IT, bosi anakupigia wewe.

Tatizo ni umbali. Microsoft ilifungua vituo vyake vya wingu Afrika Kusini mwaka wa 2019, Amazon 2020 na Google 2024. Kampuni ya Nairobi inayovitumia lazima data yake isafiri hadi huko.

Ndipo wauzaji wanapokuja na laini ya kibinafsi. Amazon wanaiita Direct Connect, Microsoft ExpressRoute, Google Cloud Interconnect. Inaunganisha kituo chenu cha data na wingu bila kupitia intaneti ya umma.

Ichukulie kama Expressway. Unaingia Mlolongo kwa ada, unawapita waliokwama Mombasa Road, unatokea Westlands. Kasi haipandi na kushuka ovyo, na kwa benki au sacco yenye miamala mingi, hilo lina thamani.

Lakini baharini hakuna Expressway. Laini hiyo mara nyingi hupita ndani ya nyaya zile zile zinazobeba TikTok yako. Nanga ya meli ikikata waya, haiulizi nani alilipia nafasi yake.

Kwa hivyo, kabla kampuni haijatia saini, uliza maswali haya.

Kwanza, laini inapita waya gani? Ukinunua laini mbili kwa wauzaji wawili na zote ziko ndani ya EASSy, una laini moja tu uliyoilipia mara mbili. Afadhali moja ielekee kusini na nyingine ipite TEAMS, inayotoka Mombasa hadi Fujairah, Falme za Kiarabu. Safari itakuwa ndefu, lakini utafika.

Pili, nani anaifunga data kwa msimbo? ‘Kibinafsi’ si ‘siri’. Direct Connect haifanyi hivyo yenyewe; lazima muongeze ulinzi huo.

Tatu, mnaihitaji kweli? Kama ni biashara changa ya watu watano, VPN juu ya intaneti ya kawaida hufunga data kwa msimbo na ni nafuu zaidi. Anzeni hapo.

Muuzaji atakuonyesha kasi. Wewe mwambie akuonyeshe ramani ya nyaya. Akishindwa, usikubali bosi atie saini, kwa sababu siku waya utakapokatika tena, simu itakayolia ni yako.